Mposho ulipokatika, minervali ikaanza

Mama mmoja wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, aliniletea risiti nne za shule, amezifunga kwa kipande cha kitenge. "Baba alikuwa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali," akaniambia. "Tulisoma shule ya kampuni, na mposho, mgawo wa unga wa kampuni, ulifika nyumbani. Leo kijana wangu yuko mwaka wa tatu wa sekondari, kila muhula anarudishwa nyumbani kwa minervali, ada ya shule. Nani alibadilisha?"

Wengi hapa Lubumbashi huita hali hii bahati mbaya. Ilikuwa maamuzi.

Kuanzia 1983, kwa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, Zaire, ambayo leo ni Kongo, ilishusha thamani ya fedha yake na kubana matumizi ya serikali. Fikra hiyo, uliberali mamboleo, inataka serikali ijitoe na soko liamue. Wizi wa utawala wa Mobutu nao ulimaliza hazina, hilo silifichi. Mshahara wa mwalimu ukaisha nguvu, migomo ikaja, na mwaka wa shule 1992-1993 wazazi wakaanza kumlipa mwalimu "prime", nyongeza ya mshahara, kutoka mifukoni mwao. Ilikuwa dharura. Ikadumu zaidi ya miaka 25.

Na wazazi hao hao ndio waliokuwa wakipoteza kazi. Gécamines ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 haikufikisha 50,000. Kanuni ya Madini ya 2002 ikafungulia milango mitaji binafsi, na 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa fedha za Benki ya Dunia. Wakaita "kuondoka kwa hiari". Watu hao walikuwa na malimbikizo ya mishahara ya miezi mingi! Aliyetia sahihi ya kuondoka aliacha kazi, na pamoja nayo hospitali na shule ya watoto.

Katiba ya 2006, ibara ya 43, inasema shule ya msingi ya umma ni bure. Utekelezaji ulianza Septemba 2019, na mwaka uliofuata Benki ya Dunia ile ile ikaidhinisha dola milioni 800 kuusaidia. Madarasa yalifurika, na walimu wengi bado hawamo kwenye orodha ya mishahara. Ndiyo maana michango inarudi kwa majina mapya.

Nikafungua risiti zake. Tatu zilikuwa za kijana wa sekondari. Ya nne ilikuwa ya mdogo wake, darasa la tatu la msingi, shule ya umma. Hiyo hakupaswa kulipa.