Mwalimu mkuu akikosea: yafanyike nini kabla ya kufunga geti

Tumeyaona mara nyingi kwenye taarifa za habari hapa Kenya. Wazazi wanafika shuleni alfajiri na mnyororo na kufuli, geti linafungwa, matawi yanapeperushwa, na kilio ni kimoja: mwalimu mkuu aende. Polisi wanakuja, afisa wa elimu wa kaunti ndogo anaitwa, na jioni mwalimu mkuu anaondolewa kwa gari. Baada ya muda anasikika ameripoti shule nyingine. Wazazi wanahesabu huo kuwa ushindi.

Mimi siuhesabu hivyo. Uhamisho si adhabu. Mwalimu aliyehamishwa ana namba yake ya TSC (tume inayoajiri walimu wa shule za umma), mshahara wake na mamlaka yake vilevile, na kama kweli aliwaumiza watoto, sasa ana watoto wengine mbele yake ambao wazazi wao hawajui lolote. Mwalimu aliyefutwa jina kwenye rejesta ya walimu haruhusiwi kufundisha popote nchini, hata katika shule ya kibinafsi. Tofauti ya matokeo hayo mawili hutokana na karatasi zilizoandikwa, zikatiwa sahihi na kufikishwa panapostahili. Kelele za getini hazichangii chochote hapo, na mara nyingi huziharibu hizo karatasi, kwa sababu ofisi huvunjwa, mafaili hupotea na mashahidi huingiwa na hofu.

Nani ana uwezo wa kumwondoa?

Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia. Wazazi huikasirikia bodi ya usimamizi, BOM, wakidhani inamlinda mwalimu mkuu kwa kuwa haimfuti. Haina uwezo huo. Mwajiri wa mwalimu mkuu wa shule ya umma ni Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Bodi huajiri wapishi, walinzi, mhasibu na wale walimu tunaowaita walimu wa BOM. Kazi ya bodi kwa mwalimu mkuu ni kusikiliza malalamiko, kuyaandika na kuyapeleka kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti, ambaye maafisa wake ndio huja kuchunguza.

Chama cha wazazi, PA, nacho kina nafasi yake katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama, kila darasa lina mwakilishi, na mwenyekiti pamoja na wenzake wawili huingia kwenye bodi. Viti hivyo vitatu ndivyo mlango wenu. Mzazi akiona bodi imenyamaza, aanze kwa kuwauliza watu hao watatu kama jambo lenyewe limewahi kuingizwa kwenye ajenda, na kumbukumbu za kikao hicho ziko wapi.

Kuna kikwazo ambacho wengi hawakioni: mwalimu mkuu ndiye katibu wa bodi. Yeye huandika barua za mwaliko na yeye hutunza kumbukumbu. Ikiwa lalamiko linamhusu, mwenyekiti ndiye aitishe kikao, na jambo la kwanza kikaoni liwe kuchagua mtu mwingine wa kuandika ajenda hiyo huku mwalimu mkuu akiwa nje. Lisipofanyika hilo, kumbukumbu zitatoka na sentensi moja tu kwamba "mambo mengine yalijadiliwa".

Makosa hayafanani, na saa zake hazifanani

Kosa la kumdhulumu mtoto kimapenzi halingoji mkutano wa wazazi. Waraka wa TSC namba 3 wa mwaka 2010 unataka taarifa itolewe ndani ya saa 24, na mwalimu anayejua akanyamaza anajitia hatiani. Mzazi aende hospitali na polisi siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zinafaa zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo bora. Mtoto asioge kabla ya kuonwa na daktari. Nguo zake zisifuliwe, na zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hufungia unyevu na ushahidi huoza. Hospitalini ijazwe fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, na kwa polisi itolewe fomu ya P3, ambayo daktari huandika majeraha. Dai namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na uiandike. Simu ya 116 ni ya kuripoti dhuluma kwa watoto, na 1195 ni ya ukatili wa kijinsia. Zote ni za bure.

Kinachoharibu kesi nyingi za aina hii ni kumalizana nyumbani. Wazee wanakaa, mbuzi au pesa zinatajwa, na familia inaambiwa isiaibishe shule. Tafadhali mfahamu kwamba hilo halina nguvu mbele ya sheria. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haimpi mzazi wala mzee wa mtaa uwezo wa kuifuta kesi, na kifungu cha 24 kinamtaja mwalimu mkuu waziwazi: akitumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi, kifungo hakipungui miaka 10. Mtoto akiwa chini ya miaka 18 kuna pia shtaka la unajisi, na hilo lina vifungo vizito zaidi.

Jambo la pili linaloharibu ni kumhoji mtoto mara nyingi. Mama anamuuliza, shangazi, mwalimu wa ushauri nasaha, mwenyekiti wa PA, kisha mtu wa redio ya mtaani. Kila mara maneno hubadilika kidogo, na wakili wa mshtakiwa huzitafuta hizo tofauti. Mtoto asikilizwe na mtu mmoja anayemwamini, kisha polisi na maafisa wa TSC, mzazi akiwa karibu. Jina lake, picha yake, hata kidato anachosoma visitajwe kwenye kundi la WhatsApp. Katika shule ndogo, "binti wa kidato cha pili anayetoka upande wa mtoni" ni sawa na kumtaja jina.

Pesa ni jambo jingine kabisa. Hapo hakuna haraka ya saa 24, ila kuna haja ya subira na hesabu. Wazazi wengi huchukua kiwango cha serikali cha shilingi 22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, wakakizidisha kwa idadi ya wanafunzi, na kusema kinachopungua kimeibwa. Shule yenye wanafunzi 400 ingepaswa kupata shilingi 8,897,600, na nusu yake, 4,448,800, muhula wa kwanza, kwa kuwa mgao hugawanywa asilimia 50, 30 na 20. Lakini sehemu ya pesa hizo hubaki wizarani kwa shughuli za pamoja, na hazina ya taifa imekuwa ikituma pungufu na kwa kuchelewa. Kwa hiyo swali la kwanza liwe ni kiasi gani kiliingia benki na tarehe gani. Taarifa ya benki ndiyo inayojibu. Mkianza na shutuma ya mamilioni, naye akaonyesha kwamba mamilioni hayo hayakufika, mmepoteza uso na yeye amepata ngao ya kujifichia hata kwa yale aliyoiba kweli.

Penye uozo mara nyingi ni stoo. Kila kinachopokelewa stoo huandikwa kwenye fomu ya S13, kila kinachotoka kwenye S11, na kila bidhaa ina kadi yake inayoonyesha kilichobaki. Chukueni mahindi. Wanafunzi wa bweni 400 wakila ugali kila jioni, unga gramu 250 kila mmoja, jiko linatumia kilo 100 kwa siku. Kwa siku 85 za muhula ni kilo 8,500, karibu magunia 95 ya kilo 90. Githeri ikipikwa mara mbili kwa wiki, gramu 150 za mahindi kwa kila mmoja, ongeza magunia 16 hivi. Jumla ni kama magunia 111. Vocha za malipo zikionyesha magunia 200, na S13 zina sahihi ya mtu mmoja tu, hapo mna swali ambalo mkaguzi atalishika mara moja. Linganisheni pia bei ya gunia kwenye vocha na bei ya soko ya mwezi huohuo. Na ulizeni nani ndiye muuzaji. Nimetaja hili kwa sababu: mara si haba, muuzaji wa maharagwe au kuni ni mjumbe wa bodi au mwenyekiti wa PA mwenyewe, na ndiyo maana bodi iko kimya. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inamtaka atangaze maslahi yake na asishiriki uamuzi huo.

Mkinyimwa hati, msivunje ofisi. Andikeni barua ya kuomba taarifa kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Sheria inakubali Kiswahili au Kiingereza, na shule inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Isipojibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ndani ya siku 30. Sambamba na hilo, omba afisa wa elimu wa kaunti ndogo alete wakaguzi wa hesabu za shule. Ushahidi wa wizi unapokuwa mikononi, peleka kwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Tovuti yao hupokea taarifa hata za mtu asiyetaka kujitaja.

Kundi la tatu ni kutokuwepo kazini, ulevi, matusi, viboko, malipo yasiyo na risiti. Viboko vimepigwa marufuku na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi, na mzazi anayeviona kama malezi ajue sheria haimuungi mkono. Malipo yasiyo na risiti rasmi nayo ni kosa. Katika haya yote dawa ni daftari: tarehe, saa, aliyeona, kilichosemwa. Kurasa mbili za daftari la aina hiyo zina uzito kuliko sahihi 300 chini ya barua isemayo "tumechoka".

Barua kwa TSC

Barua nyingi huangukia hapa. Zinachanganya pesa, mapenzi, kabila, matokeo mabaya ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na jinsi mwalimu mkuu anavyojibu salamu. Afisa anayeisoma hajui ashike lipi. Lalamiko moja liwe na barua moja. Itaje jina na cheo cha mlalamikiwa, tarehe ya tendo, mahali, mashahidi na namba zao za simu, na nakala za hati. Peleka kwa mkono kwenye ofisi ya TSC ya kaunti, upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Bila muhuri huo, miezi mitatu baadaye utaambiwa barua haikufika.

Uchunguzi ukionyesha kuna kesi, mwalimu mkuu husimamishwa kwa barua na kupewa siku 21 za kujitetea kwa maandishi, kisha huitwa kusikilizwa. Wazazi hukasirika hapo wakisema anabembelezwa. Haki hiyo ya kusikilizwa inawalinda hata wao: mwalimu aliyefutwa bila kusikilizwa huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, akarudishwa kazini au kulipwa, hata kama kosa alilitenda. Na shahidi asiyefika siku ya kusikilizwa ni sawa na hakuna shahidi. Changeni nauli ya mashahidi mapema. Ni matumizi bora ya mchango kuliko kukodi matatu za kwenda kuandamana.

Yanayofuata ndani ya shule

Mwalimu mkuu akishatoka, ugomvi hauishi. Walimu wamegawanyika kati ya waliosema na walionyamaza. Mdhamini, kanisa au msikiti, anataka mtu wake. Ukoo fulani unasema "wetu" kaonewa. Sheria inampa mdhamini wajumbe watatu kwenye bodi na nafasi ya kushauri na kulea kiroho. Haimpi uwezo wa kumteua mwalimu mkuu. Lisemwe hilo mapema, kwa heshima, kabla maaskofu au maimamu hawajaingizwa kwenye makabiliano.

Wanafunzi ndio wa kutazamwa kwa karibu zaidi. Watu wazima wakigombana hadharani, wanafunzi huchagua upande, na hasira ya bweni tunajua inapoweza kufika: shule ya Kyanguli, Machi 2001, moto wa bweni uliua wavulana 67. Katika wiki hizo za joto, wawakilishi wa PA waende mabwenini jioni na mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008. Milango ifunguke kwa nje na isitiwe kufuli watoto wakiwa ndani, madirisha yasiwe na vyuma, kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2. Wakae pia na baraza la wanafunzi wawaeleze hatua iliyofikiwa, bila kutaja mashahidi.

Mwanafunzi aliyetoa ushahidi asihamishwe shule kimyakimya kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Mwalimu mmoja ambaye mwanafunzi huyo amemkubali awe wa kumwangalia, na mzazi wake apate namba ya simu ya kaimu mwalimu mkuu.

Mwisho ni makabidhiano, na hapa shule huumia bila mtu kupiga kelele. Siku ya kwanza ya kaimu, bodi iandike benki kubadilisha watia sahihi na kuzuia hundi ambazo hazijapitishwa. Nywila za tovuti ya KNEC, baraza la mitihani, na za mfumo wa wizara wa taarifa za wanafunzi zibadilishwe siku hiyohiyo: kuna shule ambazo usajili wa watahiniwa hukwama kwa sababu nywila ziko kwenye simu ya mtu aliyesimamishwa. Kisha vihesabiwe mbele ya mjumbe wa PA vitabu vya hundi na vya risiti, hatimiliki ya shamba la shule, kitabu cha usajili cha basi, vyeti vya KCSE ambavyo havijachukuliwa, bidhaa zilizoko stoo, na orodha ya madeni ya wauzaji. Kila ukurasa utiwe sahihi na anayekabidhi, anayepokea na shahidi, na nakala moja ikae kwa mwenyekiti wa PA, nje ya ofisi ya shule.