Kamusi ya funguo na thamani si orodha
Wengi wanaoanza kuandika programu huamini kwamba ukiweka jozi za ufunguo na thamani kwenye kamusi (hifadhi ya data ambamo kila thamani hutafutwa kwa ufunguo wake), zitatoka kwa mpangilio uleule uliotumia kuziingiza, kama ilivyo kwa orodha. Hilo ni kweli kwa baadhi tu ya lugha za programu.

Orodha huhifadhi vitu kwa namba: cha 0, cha 1, cha 2. Kamusi ya hashi huupitisha ufunguo kwenye hesabu, na jibu la hesabu hiyo ndilo linaloamua data ikae wapi. Nani aliingia kwanza si hoja.

Nadhani dhana hii imelelewa zaidi na Python, ambayo tangu toleo la 3.7, la mwaka 2018, inahakikisha mpangilio wa kuingiza. Anayehamia Go hupigwa na butwaa: kule usomaji wa kamusi huanzia mahali pa kubahatisha, tena kwa makusudi, ili asiwepo wa kuutegemea. HashMap, kamusi ya kawaida ya Java, haiahidi mpangilio wowote. Anayetaka mpangilio atumie LinkedHashMap, kamusi ya Java inayotunza mpangilio wa kuingiza. JavaScript ndiyo yenye vituko: kwenye objekti, ambayo wengi huitumia kama kamusi, ukiingiza "b", kisha "10", kisha "2", utasomewa 2, 10, b, kwa sababu funguo zenye sura ya namba nzima hutangulizwa na kupangwa. Map, aina nyingine ya kamusi ya JavaScript, haina mchezo huo.

Kinachoponza watu ni majaribio yanayopita. Kamusi ya Java yenye vitu vitatu inaweza kutoka vizuri mwaka mzima, halafu ikavurugika ikiongezewa funguo na kupanuka. Mpangilio ukiwa muhimu, weka funguo kwenye orodha pembeni, au zipange kabla ya kuzichapisha.