Pigo safi: maana yake kwa mwindaji wa mshale

Muulize mzee wa Liwale, mkoani Lindi, Tanzania, aliyekulia kwenye nyumba yenye gobore pigo safi ni nini. Atapiga kofi moja, kisha atalaza kiganja chake chini. Kagongwa, kalala. Kwa risasi maana hiyo inatosha, ila kwa mshale inapotosha.

Risasi inaua kwa kishindo. Inavunja mfupa na kupasua nyama hata ya pembeni ambako yenyewe haikupita. Mshale hauna kishindo hicho, unakata tu, kama kisu kilichorushwa. Mnyama anakufa kwa kuvuja damu, au kwa mapafu kutobolewa yakasinyaa. Kwa hiyo mwenye upinde akisema pigo safi, anasema hivi: kigumba chenye makali kimepita kwenye mapafu yote mawili au kwenye moyo, mnyama amekimbia, na ndani ya sekunde chache ameishiwa nguvu akaanguka, pengine mita hamsini au mia kutoka aliposimama. Amekimbia, na pigo bado ni safi.

Pigo chafu ni lile lililoingia tumboni au pajani, au likagota kwenye bamba la bega. Huyo naye anakimbia, na kwa macho mbio zenyewe ni zilezile.

Ndiyo maana mwindaji wa upinde anasoma damu kuliko anavyosoma mbio. Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu imetoka kwenye mapafu. Damu nzito iliyokoza weusi ni ya ini. Damu kidogo iliyochanganyika na majimaji ya kijani, yenye harufu ya majani yaliyotafunwa, ni habari mbaya: mshale umepita utumboni. Kama mshale wenyewe umetokeza upande wa pili, unaokotwa na kunuswa kabla ya mtu kusogea hatua nyingine.

Baada ya hapo kunakuja sehemu ngumu kuliko kulenga, nayo ni kukaa. Marekani, ambako watu wengi huwinda kulungu kwa upinde, wanafundishana kusubiri nusu saa hata pale wanapoamini wamepiga mapafu, na saa nyingi, mara nyingine mpaka asubuhi, kama wamepiga tumbo. Sababu ni kwamba mnyama aliyejeruhiwa asipofukuzwa hulala karibu na kufia hapo, lakini akisikia nyayo nyuma yake anainuka na kwenda mbali, tena akiwa havuji tena damu ya kufuatwa. (Kulungu wao siye wa kwetu. Yule pembe zake hudondoka kila mwaka na kuota upya. Huku tuna pongo, funo, nsya na swala pala, ambao pembe zao hazidondoki.)

Mjomba wangu, Mngindo wa Liwale, katika ujana wake alitumia upinde kabla hajaachana nao. Hakuwa na saa. Alipima kwa tumbaku.

"Mjomba, ulikuwa unakaa muda gani?"

"Msokoto mmoja kama nimeona povu. Kama sijaona povu, misokoto ikiisha nilale."

Kulala, hata hivyo, kunafaa kwenye baridi ya Novemba ya Marekani. Kwa joto la Lindi, mnyama aliyepigwa tumboni saa kumi jioni, asubuhi unaweza kumkuta amevimba, au ukakuta fisi wameshamaliza kazi. Kanuni ile ya subira ni sahihi kwa mnyama, lakini nyama haiusubiri usiku wetu. Kwa hiyo huku usafi wa pigo unaamuliwa mapema zaidi, kabla vidole havijaachia kamba.

Hapo ndipo utasikia masharti mengi. Mnyama asimame ubavu, au awe amegeuka kidogo kama anayetaka kuondoka, mshale uingie nyuma ya mbavu kuelekea kifuani. Akikutazama usoni, acha. Akikupa mgongo, acha. Akiwa nyuma ya vijiti, acha, maana kijiti chembamba kama njiti ya kiberiti kinaweza kuupinda mshale. Swala wengi wa Afrika moyo wao umekaa chini na mbele, katikati ya mabega, kuliko wa kulungu wa Marekani, hivyo aliyezoea kulenga kule akija na mazoea yake atapiga nyuma mno.

Kuna na umbali, na hapa watu hujidanganya sana. Upinde wa kisasa wenye magurudumu hurusha mshale kwa kasi ya karibu mita 80 kwa sekunde. Sauti inakwenda mita 340 hivi. Kwa mnyama aliye mita 30, mlio wa kamba unamfikia zaidi ya robo sekunde kabla ya mshale. Robo sekunde kwetu ni kufumba na kufumbua, ila kwa swala ni muda wa kuchutama na kuanza kuruka. Ulilenga moyo, ukapiga uti wa mgongo au hewa. Upinde wa mti una kasi ndogo zaidi, na wazee hawakuhitaji hesabu hii kujua kwamba lazima wanyemelee mpaka karibu sana.

Halafu walikuwa na sumu, na sumu inabadilisha maana yote. Mshale wa sumu haudai mapafu. Ukiingia pajani na sumu ikafika kwenye damu, moyo wenyewe unasimama. John Kirk, ambaye baadaye tulimjua kama balozi wa Uingereza Zanzibar, alikuwa kwenye msafara wa Livingstone wa Zambezi (1858 hadi 1864) alipoona watu wa Mto Shire wakipaka mishale sumu ya mmea uitwao kombe. Kutokana na mmea huo ikaja kupatikana dawa ya moyo, strofantini. Kwa mwenye mshale wa namna hiyo, swali la wapi umepiga lilikuwa dogo, na kubwa lilikuwa kama umegusa. Leo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza sumu, mitego ya waya na mashimo, na kuwinda kwenyewe kunadai kibali. Mshale ulionyang'anywa sumu unabaki na makali yake peke yake, na mwenye mshale anabaki na mkono wake.

Sasa neno ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloficha zaidi: kukosa. Mwindaji akirudi mikono mitupu anasema, "Nimemkosa." Kiswahili kinamruhusu. Lakini nimemkosa ni mambo mawili. Moja, mshale ulipita pembeni, mnyama yuko mzima porini anakula majani. Pili, mshale umo mwilini mwake na mimi sikumpata. Sentensi ni moja, ila mnyama wa kwanza atapona fadhaa kesho na wa pili anaoza kwa siku kadhaa kwenye kichaka cha Mto Matandu. Mazungumzo ya kweli baina ya wenye upinde yanaanza pale mtu anapokubali kulivunja neno hilo: nimekosa, au nimejeruhi na kupoteza. Hesabu ya pili ndiyo inayowafanya wenzao wenye bunduki wawatilie shaka. Uingereza, kwa mfano, sheria haimruhusu mtu kumpiga kulungu mshale kabisa. Wanaotetea upinde hujibu kwamba bunduki nayo hujeruhi, na ni kweli, lakini jibu hilo halimtafuti mnyama aliyepotea.

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi huku pwani ya Kusini, jambo hili lina mizani yake ya zamani. Aliyewahi kumfikia mnyama akiwa bado hai anamchinja, asigeuke kibudu. Akimkuta amekufa, inategemea. Katika hadithi ya Adi bin Hatim, sahaba wa Mtume, mwindaji aliyetaja jina la Mungu alipoachia mshale, akampata mnyama baada ya siku moja au mbili akiwa hana alama nyingine ila ya mshale wake, anaruhusiwa kumla. Akimkuta ndani ya maji, asile, kwa sababu hajui kilichomuua ni mshale au ni maji. Aliyepigwa kwa ubao wa mshale badala ya makali naye haliwi.

Mjomba aliwahi kufuata damu ya pongo kutoka adhuhuri mpaka jua likaelekea kuzama, akamkuta kwenye dimbwi, kichwa kimezama. Mshale wake ulikuwa bado umo. Alimvuta hadi ukingoni, akauchomoa mshale, akaurudisha kwenye podo.

Nyumbani mkewe alimuuliza, "Umemkosa?"

"Nimempata," alisema. "Na hatuli."