Askari wa misitu wakiongezwa: yanayosemwa na ukweli wake

Kila inapotajwa habari ya kuongeza askari wa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), hapa Dodoma husikika maneno yaleyale. Mengi si kweli.

"Dodoma kuna msitu gani? Ni nyika tu."
Ipo milima ya Chenene, na ukivuka kwenda Manyoni kuna vichaka vya Itigi. Kondoa, ardhi ilipobaki tupu, ilichimbika makorongo hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ukaanzishwa mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Wazee wa huko hawajasahau.

"Wanaleta jeshi kutunyang'anya msitu wa kijiji."
Hapana. TFS imo kweli katika Jeshi la Uhifadhi, lile tunaloliita Jeshi Usu, pamoja na TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (usimamizi wa wanyamapori) na Mamlaka ya Ngorongoro. Lakini Sheria ya Misitu ya 2002 inautambua msitu wa hifadhi wa kijiji, na msimamizi wake ni kijiji chenyewe. Kazi kubwa ya TFS ni hifadhi za Serikali Kuu.

"Askari wakijaa getini, mkaa wa magendo utakwisha."
Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mkaa ukifika getini, yaani kituo cha ukaguzi barabarani, mti umeshakufa. Pale askari anakagua hati ya kusafirishia na kuhesabu magunia, basi. Na bodaboda yenye magunia mawili ikipita njia ya panya usiku wa manane haikutani na geti lolote. Tanuru la mkaa linaungua siku kadhaa, na moshi wake unaonekana kutoka mbali. Doria ikiwepo karibu, inamkuta mchomaji hapohapo, miti mingine ikiwa bado imesimama. Askari wapya wapelekwe huko porini, na wapewe pikipiki na mafuta. Bila hivyo tutakuwa tumeongeza magwanda tu.

"Akishakamatwa, kazi imekwisha."
Hapo ndipo inapoanza. Nani aliona, wapi, magunia mangapi, shoka liko wapi? Yasipoandikwa siku ileile na kielelezo kikatunzwa, hakimu hana cha kushika. Kwa hiyo katika nafasi mpya wawemo wanaojua kuandaa jalada la kesi, si walenga shabaha peke yao.