Kurudi barazani baada ya kiharusi

Katika kazi yangu ya fiziotherapia hapa Tabora, swali ninaloulizwa kuliko yote na ndugu wa mgonjwa aliyepata kiharusi ni lini mkono utanyanyuka na lini mguu utatembea. Wana haki ya kuuliza hivyo. Swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza ni lini mgonjwa atarudi kukaa na watu, kwa sababu wengi wamekwisha kujijibu kimoyomoyo kwamba hilo litasubiri mpaka apone. Kwa maoni yangu kusubiri huko kunawachelewesha wagonjwa wengi sana, kwa kuwa salamu, maongezi, chakula cha pamoja na shughuli ndogondogo za mtaani ni sehemu ya tiba yenyewe, mradi zifanywe kwa namna inayolingana na mwili ulioumia.

Kiharusi hutokea pale damu inaposhindwa kufika kwenye sehemu fulani ya ubongo, ama kwa kuwa mshipa umeziba, ama kwa kuwa umepasuka, na shinikizo la juu la damu ndilo kisababishi kikubwa kuliko vyote. Seli zilizokufa hazifufuki. Kinachotokea katika kupona ni kwamba sehemu nyingine za ubongo hujifunza kuchukua baadhi ya kazi zilizopotea, na hujifunza kwa kutumiwa. Mabadiliko makubwa huonekana katika miezi 3 ya mwanzo, hupungua kasi kuelekea mwezi wa 6, kisha huendelea polepole hata kwa miaka. Sasa tazama jinsi miezi hiyo 3 inavyotumika katika nyumba nyingi za Ng'ambo, Isevya au Kanyenye: mgonjwa amewekwa chumba cha ndani, pazia limeshushwa, analishwa, anaogeshwa, anavalishwa, na hata salamu anajibiwa na mtu mwingine. Yote hayo hufanywa kwa upendo, na yote humnyima ubongo wake kile unachokihitaji.

Nianze na salamu, maana ndipo penye mengi ya kueleza. Kwa watu walio wengi, sehemu za ubongo zinazoshughulikia lugha ziko upande wa kushoto, na kwa kuwa upande huo ndio unaoongoza upande wa kulia wa mwili, mgonjwa aliyepooza mkono na mguu wa kulia mara nyingi hupoteza na maneno pia. Mwaka 1861 daktari Mfaransa, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa aliyekuwa amebakiwa na silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa mengi ya aliyoambiwa. Wagonjwa wanaofanana naye tunao, na kinachowashangaza ndugu zao ni kwamba mzee asiyeweza kutaja jina la mkewe, akiamkiwa "Shikamoo babu", hujibu "Marahaba" iliyonyooka kabisa. Wengine husoma Fatiha au Salamu Maria kuanzia mwanzo hadi mwisho, wengine huhesabu moja mpaka kumi bila kukwama, na wapo wanaoshinda kimya siku nzima lakini jirani akipita na "Mwangaluka" yake ya asubuhi wanaitikia palepale. Maneno yaliyorudiwa maisha yote hayategemei peke yake ile sehemu iliyoumia, kwa hiyo hutoka yenyewe, wakati sentensi mpya ya kuomba maji au kueleza maumivu inagoma.

Ndugu wasiojua jambo hili hufikia hukumu mbili, na zote humwonea mgonjwa. Ya kwanza ni kwamba anajifanya, kwa kuwa "akitaka anaongea". Ya pili ni kwamba akili imeondoka, kwa kuwa anasema "ndiyo" huku akimaanisha "hapana". Wengi wa wagonjwa hawa wanaelewa zaidi ya wanavyoweza kusema, na njia nyepesi ya kuhakikisha ni kumwonyesha vitu viwili, kikombe na sahani kwa mfano, ukamwacha achague kwa jicho au kwa kidole. Wakati huohuo salamu itumike kama mlango. Nashauri kila anayeingia amwamkie mwenyewe, mtoto kwa mkubwa, kisha amwongezee neno moja, "Umeamkaje?", na asubiri hata kama ukimya utakuwa mrefu kiasi cha kuwakera waliokaa. Anayeharibu hapa ni yule binti mwenye huruma anayewahi kujibu "hajambo, hajambo" kabla baba yake hajafungua mdomo.

Salamu ya mkono ina hatari ambayo wageni hawaijui. Katika majuma ya mwanzo misuli inayolishikilia bega huwa imelegea, na uzito wa mkono wenyewe hulivuta bega likashuka kidogo kutoka mahali pake. Kisha anakuja rafiki wa zamani kutoka Urambo au Sikonge, anaushika mkono ule uliolegea, anaunyanyua na kuutikisa kwa furaha, na anayefuata anafanya vivyo hivyo. Jioni mgonjwa analia bega, na bega linalouma ni kikwazo kikubwa katika mazoezi ya mkono kwa miezi inayofuata. Madhara kama hayo huletwa na wanaomnyanyua kitandani kwa kumshika makwapani.

Namna ninayowafundisha wageni ni hii. Mgeni akae kwenye kiti mbele ya mgonjwa, asimsimamie kichwani. Mkono dhaifu uwe umelazwa juu ya mto mapajani. Mgeni apitishe kiganja chake kimoja chini ya kiwiko cha mgonjwa, kiganja cha pili kipokee vidole vyake, na atulie hapo bila kuvuta wala kutikisa, huku mgonjwa akiutazama mkono wake na kujaribu kubana, hata kama hakuna kinachoonekana kusogea. Kule kutazama na kujaribu ndiyo kazi yenyewe. Wapo pia wazee na akina mama wa Kinyamwezi ambao bado husalimia kwa kuinama na kupiga makofi taratibu. Mkono wenye nguvu ukiusaidia ule dhaifu ufike katikati ya kifua, salamu hiyo ni zoezi ambalo nisingeweza kulibuni vizuri zaidi.

Kuhusu idadi ya wageni nitasema machache, ingawa najua ni jambo la kukwaruzana. Uchovu baada ya kiharusi ni dalili halisi ya ubongo uliojeruhiwa, na watu sita wanaozungumza kwa pamoja huku redio ikiwaka humchosha mgonjwa kuliko kutembezwa uani. Hakuna anayeweza kumfukuza mgeni aliyetoka Nzega kwa basi kuja kumjulia hali ndugu yake. Inawezekana kabisa, hata hivyo, mtu mmoja wa nyumba akae barazani awapokee, awape maji, awasimulie hali, kisha awaingize wawili wawili kwa muda mfupi, na redio izimwe.

Mgeni haji mikono mitupu, na hapo ndipo chakula kinapoingia. Baadhi ya wagonjwa wana shida ya kumeza, hasa wiki za mwanzo, na maji matupu huwapalia kirahisi kuliko uji mzito. Mgonjwa anayekohoa kila anapokunywa, au ambaye sauti yake huwa kama ina majimaji baada ya kumeza, asilazimishwe. Apelekwe apimwe, kwa sababu chakula kinachoingia njia ya hewa huleta nimonia. Anayeruhusiwa kula akae wima, apewe kidogo kidogo, na abaki amekaa kwa nusu saa hivi baada ya kumaliza. Kumlisha mtu akiwa amelala chali, jambo ninaloliona mara nyingi mno, lisifanyike kabisa.

Baada ya wiki kadhaa, anapoweza kula vizuri, huzuka tatizo la aina nyingine ambalo halimo katika vitabu vya taaluma yangu. Aliyepooza mkono wa kulia amebakiwa na wa kushoto, na katika malezi yetu mkono wa kushoto hauingii kwenye sinia, haupokei zawadi, wala haumpi mkubwa kitu. Nimewaona wanaume wenye hamu nzuri ya chakula wakisema wameshiba mara sinia linapotua mkekani, kisha wakila peke yao gizani. Hawa wanapungua uzito, na wanapungua pia katika hesabu ya watu wa nyumba. Masheikh ninaozungumza nao hueleza wazi kwamba mwenye udhuru hana lawama, lakini mgonjwa hulitaka neno hilo litoke kwa mkubwa aliyepo pale, litamkwe mara moja mbele ya wote, na liishe. Kwa upande wa vitendo, awekewe sahani yake na kijiko pembeni ya sinia, kitambaa kilicholowana kiwekwe chini ya sahani isiteleze, na mkono wa kulia ulazwe mezani uonekane, usifichwe chini ya shuka.

Kukaa nako kuna mambo yake. Kigoda kifupi ni rahisi kukikalia na kigumu kukiinukia. Kiti cha plastiki kwenye mchanga wa uani huzama mguu mmoja na kumwangusha mtu pindi anapoegemea upande wenye nguvu. Anayefaa ni yule fundi seremala wa mtaani atakayemtengenezea kiti kizito cha mbao chenye mikono, kimo cha goti, ili nyayo zikanyage chini sawasawa. Hicho kiwekwe barazani au chini ya mwembe, mahali ambapo wapita njia watamsalimia bila kupanga. Kama alikuwa mchezaji wa bao, arudishiwe bao lake mapema. Lina mashimo 32 na kete 64, na mchezo unadai kuhesabu, kukumbuka, kupanga na kusubiri zamu, yaani karibu kila kitu ambacho ningemtaka afanye katika chumba cha mazoezi. Mwanzoni mkono dhaifu ulishikilie tu ubao. Baadaye uzoe kete kutoka shimo lililo karibu, mkono mzima ukiusaidia kwenye kifundo. Wenzake wavumilie, na wasimwachie ashinde, kwa kuwa atajua.

Msibani ndipo wengi hukataa kwenda, hasa akina mama, kwa sababu watu wameketi mikekani na yeye akishuka hainuki. Kukaa kwenye kiti wakati wakubwa wako chini kunaonekana kama kiburi. Mtu wa nyumbani kwake atangulie kuwaeleza wenye msiba, na kiti kitatengwa bila maneno. Sababu ya pili ya kukataa ni kilio. Baadhi ya waliopata kiharusi hulia, au hucheka, ghafla na kwa nguvu isiyolingana na walichohisi, kwa kuwa ubongo umepoteza breki ya hisia. Kilio cha namna hiyo hukoma haraka ukimgeuzia mazungumzo, wakati kumbembeleza sana hukirefusha. Kitofautishwe na sonona, ambayo humpata takriban mtu mmoja kati ya watatu baada ya kiharusi: huyu halali vizuri, hataki kula, hataki mazoezi, hataki kuonana na mtu, na hali hiyo inaendelea wiki baada ya wiki. Sonona ina dawa na ina wataalamu wake, na ni vyema daktari aelezwe siku ya kliniki ya shinikizo la damu, kliniki ambayo mgonjwa hapaswi kuiacha hata kama kipimo kimeshuka chini ya 140/90, kwani kimeshuka kwa sababu ya vidonge.

Linalobaki ni fedha. Mfanyabiashara wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, au wa asali, aliyepata kiharusi hunyang'anywa simu na pochi siku ya kwanza, na hakumbukwi kurudishiwa. Kwa aliyepoteza uwezo wa kuhesabu, tahadhari hiyo ni ya busara kwa muda. Baada ya hapo apewe noti chache za kweli, atumwe kununua chumvi au sabuni dukani kwa jirani akiwa na mjukuu, akague chenji mwenyewe, na kosa lake lirekebishwe na muuza duka kwa upole. Akimudu hilo, aende naye sokoni saa za asubuhi kabla watu hawajajaa, akae nyuma ya meza, apange mafungu, na anayekuja kununua aelekezwe kumuuliza yeye bei.