Kipimajoto cha Namanga na mwisho wa uwezo wake

"Wafunge mpaka tu, ugonjwa hautapita." Kauli hii utaisikia Arusha kila mlipuko unapotangazwa nchi jirani, hasa ndani ya Noah, magari madogo ya abiria, ziendazo Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Ingekuwa kweli kama mpaka ungekuwa mlango wenye komeo. Ukifunga geti, mfugaji atavuka na ng'ombe wake porini kama kawaida, na huko hakuna wa kumuuliza katoka wapi wala anaumwa nini.

Hata kile kipimajoto unachoelekezewa kwenye paji la uso kina kikomo. Ebola hukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya dalili. Aliyeambukizwa juzi atapita bila joto lolote, na soda atanunua.

Kinachosaidia ni taarifa kumtangulia msafiri: mganga wa Kajiado, upande wa Kenya, kumpigia mwenzake wa Longido, upande wa Tanzania, mapema. Juni 2019, Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao hapa Arusha, na Shirika la Afya Duniani waliendesha zoezi la majaribio Namanga, pande zote mbili, kana kwamba homa ya Bonde la Ufa imezuka. Homa hiyo huanzia kwa mifugo, kwa hiyo daktari wa ng'ombe naye alihitajika mezani.

Kipimajoto kibaki, sawa. Wenye homa tayari kitawanasa.