Kauboi katika Muziki wa Kantri: Maana Yake

Kauboi wa nyimbo za kantri ni mhusika: mwanamume aliye mbali na kwao, asiyetulia mahali pamoja, mwenye maneno machache, ambaye mtunzi humtumia kueleza upweke, uhuru na mapenzi yaliyomshinda. Anayedhani kwamba muziki huu ulizaliwa na wachunga ng'ombe amekosea, kwa kuwa chimbuko lake ni fidla na banjo za wakulima wa Kusini mwa Marekani na wa milima ya Appalachia (na banjo yenyewe ilitokana na ala za Waafrika waliopelekwa huko utumwani). Kofia ya pama na buti zilivaliwa baadaye.

Kauboi halisi alikuwa kibarua. Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe ya Marekani ilipomalizika mwaka 1865, Texas ilikuwa na ng'ombe wengi kuliko walaji, na kuanzia 1867 vijana wakawa wanawaswaga kwa majuma mengi hadi kwenye stesheni ya reli ya Abilene, Kansas. Si wachache miongoni mwao walikuwa watu weusi na Wameksiko, na hata neno rodeo (mashindano ya makauboi ya kupanda wanyama wakali na kunasa ng'ombe kwa kamba) linatokana na Kihispania. Kazi hiyo haikudumu sana. Kufikia mwisho wa miaka ya 1880 seng'enge na reli mpya zilikuwa zimeimaliza.

Usiku, wapanda farasi wawili walilizunguka kundi, kila mmoja akielekea upande wake, wakiimba polepole kwa kufuata mwendo wa farasi, kwa sababu ng'ombe mmoja akishtuliwa na radi kundi zima hutimka na kukanyaga chochote kilicho mbele yake. Mwaka 1925 Carl T. Sprague wa Texas alirekodi wimbo wa kijana anayeahidi kwenda kumwona mama yake kazi za msimu zitakapokwisha, lakini usiku mifugo ikatimka naye akafa akijaribu kuizuia. Safari, mama na kifo cha ugenini ndizo mada ambazo kantri haijaziacha hadi leo.

Vazi lilitoka kwenye sinema. Katika miaka ya 1930 wanamuziki wa kantri walikuwa wakiitwa kwa jina la dharau lenye maana ya washamba wa milimani, na kauboi, ambaye mwimbaji na mwigizaji Gene Autry alimwonyesha akiimba juu ya farasi, akawapa heshima ambayo ovaroli ya mkulima isingeweza kuwapa. Haikujalisha mtu alikotoka: Roy Rogers, aliyekuja kuwa kauboi wa sinema maarufu kupindukia, alizaliwa Cincinnati, Ohio. Mwimbaji Patsy Montana naye, mwaka 1935, aliimba kwamba anataka kuwa mpenzi wa kauboi, ingawa ukisikiliza vizuri utagundua kuwa alichotamani zaidi ni kujifunza mwenyewe kupanda farasi na kurusha kamba.

Tangu hapo mhusika huyu amebadilika bila kupotea. Mwimbaji Marty Robbins alimtolea albamu nzima ya visa vya bastola mwaka 1959. Mwaka 1978 Waylon Jennings na Willie Nelson waliwaonya akina mama wasiwaache watoto wao wawe makauboi, huku sauti zao zikionyesha wazi kwamba wao wenyewe wasingekubali kuwa kitu kingine. Kwa maoni yangu, aliyemchora vizuri zaidi ni George Strait katika "Amarillo by Morning": mshindani wa rodeo ambaye amepoteza tandiko, mguu umevunjika na mke amekwenda zake, lakini anaendelea na safari ya usiku kuelekea mashindano mengine. Ng'ombe wa kuchunga hayupo tena. Mwaka 2024 Beyoncé, mzaliwa wa Houston, alitoa albamu ya "Cowboy Carter" na kuwarudisha masikioni mwa watu makauboi weusi ambao sinema iliwaficha.

Huku kwetu, sahani za santuri za Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi ambaye naye alirekodi nyimbo za kauboi, zilifika kwa Wakipsigis wa Kenya. Jina lake likatamkwa Chemirocha, naye akafikiriwa kuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimbia Chemirocha huyo na kumwalika aje kucheza.